Ameahidi Kulipa

Asubuhi ile alipovushwa mpaka, Nesta Simbeye alikuwa amekwisha kufa tangu alfajiri. Walimkalisha katikati ya kiti cha nyuma cha bajaji, dada yake Ferista upande huu, binti yake Recho upande ule, wakamfunga kilemba hadi kwenye nyusi na kumzungushia kitenge mpaka kidevuni kama mtu mwenye homa. Aliyewaona kwa mbali angesema ni wanawake watatu wanaokwenda Nakonde, Zambia, kwa shughuli zao, na mmoja wao hakupata usingizi.

Erica Nzowa aliwaona kwa karibu.

Alikuwa afisa mikopo wa kampuni moja yenye tawi Tunduma, juu ya duka la vipuri, barabara kuu ya kwenda mpakani. Siku yao ofisini ilianza kwa sala, na sala yenyewe ilisomwa kwa sauti ya juu kwa sababu malori yaliyopanga foleni pale chini hayakuwa yakizima injini. Baada ya amina, meneja Hezron alizima feni ili asikike. Kila afisa akasimama kwa zamu yake kutaja wateja waliochelewesha marejesho na sababu zao. Hezron hakuwa mtu wa kupenda sababu.

"Erica. Mama wa mchele."

"Nesta Simbeye, bosi. Jana jioni nimempigia. Anasema presha imempanda."

"Presha imempanda yeye? Na mimi yangu iko wapi? Makao makuu hawampigii yeye, wananipigia mimi. Nenda kwake. Usiniletee tena maneno ya kwenye simu."

Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao zamu yao bado. Erica akachukua kofia yake ya pikipiki akashuka.

Alikuwa akimpenda Nesta, kadiri afisa mikopo anavyoweza kumpenda mteja. Kwa miaka mingi mama yule alikopa na kurejesha ndani ya kikundi cha wauza mchele, hana kelele, hachelewi kikao, mwenzake akipungukiwa anafungua pindo la kanga bila kusubiri kuombwa. Mwisho akaruhusiwa kukopa peke yake, mkopo mkubwa, nyumba yake ikawa dhamana. Erica ndiye aliyemjazia fomu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga baada ya kufiwa na mume, chumba kwa chumba, na humo alikuwa akiishi na Recho na wadogo wawili wa Recho. Kisha mnunuzi mmoja wa upande wa pili, mtu waliyezoeana naye, alipakia mchele wake wote kwa ahadi, akaondoka kuelekea Ndola, na simu yake haikupatikana tena.

Erica alikutana na ile bajaji kwenye uchochoro wa karibu na mpaka, pale ambapo nyumba za Tanzania na maduka ya Zambia yanatazamana kama majirani wa kawaida. Akasimamisha pikipiki kuwazibia njia.

"Mama Recho! Shikamoo mama."

Ferista ndiye aliyeitikia. "Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu, hasemi. Tunampeleka kwa mama."

"Pole sana. Ni ile presha?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa mama, lile neno letu la marejesho..."

"Mwanangu, si unaiona hali yenyewe?"

Recho alikuwa amegeuza uso nje, mkono wake umemshika mama yake kiunoni, na mabega yalikuwa yakimtetemeka. Erica alimtazama Nesta. Aliona mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, na ule usio na kandambili ulikuwa umelala kwa ubavu kwenye sakafu ya bajaji, namna ambayo mtu aliyekaa hawezi kuulaza kwa muda mrefu. Aliuona. Hapohapo simu yake ikaita, na alikuwa Hezron.

"Umempata?"

"Nimempata, bosi. Niko naye hapa."

"Haya, jaza."

Akasogeza pikipiki pembeni, bajaji ikapita. Mbele kidogo askari wa kijana alichungulia ndani, Ferista akasema neno, naye akawapungia mkono wapite haraka, kama watu wanavyompitisha mgonjwa popote.

Kujaza kulikuwa hivi. Afisa akishaonana na mteja, simu ya kampuni inafungua ukurasa wenye majibu matatu na kutunza saa na mahali aliposimama. Mteja ameahidi kulipa. Mteja hajapatikana. Mteja amekataa. Ukichagua hajapatikana, utaulizwa kwa nini unachoma mafuta ya bure. Ukichagua amekataa, faili linakwenda kwa watu wa kukamata mali. Kwa hiyo maafisa wote, wazuri na wabaya, walikuwa wakichagua ameahidi. Wenyewe waliita kumpa mteja pumzi. Mtu anapata wiki nyingine, na afisa anakwenda kwa mteja anayefuata.

Erica akampa Nesta pumzi, akawasha pikipiki.

*

Recho alifika ofisini baada ya wiki kuisha. Alikuwa amevaa kanga mbili na kandambili zenye vumbi jekundu, akasimama mbele ya meza ya Hezron bila kukaa.

"Mama amefariki," alisema.

Hezron alimtazama sana. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyedanganywa mara nyingi.

"Amefariki wapi?"

"Kwa bibi. Nakonde."

Hezron akawageukia maafisa wengine. "Mnaona? Wateja wa Tunduma bwana. Wanakufa wakivuka barabara. Ukienda Lusaka unawakuta soko la Kamwala wanachagua viatu."

Mmoja akacheka, kisha akaona uso wa Recho, akajifanya anakohoa.

Erica alimtoa binti nje, wakashuka ngazi mpaka kwenye kivuli cha lori lililosimama. Alikuwa na la kumfariji, na alitaka alitoe haraka. "Sikiliza mdogo wangu. Kila mkopo una bima. Ilikatwa hata kabla mama hajashika hela mkononi. Mtu akifa, deni linakufa naye, na karatasi za nyumba mnarudishiwa. Niletee cheti cha kifo tu. Hata barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuanzia."

Recho akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia muda mrefu. "Hakuna cheti, dada."

"Hospitali aliyofia wataandika."

"Hakufia hospitali. Hakufia Nakonde." Akafuta pua kwa pindo la kanga. "Siku ile unamsalimia, alikuwa amekwisha kwenda."

Lori likawashwa, moshi ukawafunika, wala hawakusogea.

Mengine Erica aliyapata kwa Ferista jioni ile, nyumbani kwa marehemu, wamekaa kwenye vigoda uani. Ferista alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, anayeuza dagaa.

"Sisi Wanamwanga, mwanangu, mpaka ulitukuta," alisema. "Shamba la babu liko huku na huko. Mama yetu amelala upande wa pili, na mama yake yeye. Nesta alikuwa akisema kila siku, nikifa msinitupe kwenye makaburi ya mji huku na watu nisiowajua. Alisema akicheka, lakini alisema."

"Si mngeomba kibali, mama?"

"Kibali cha nani? Barua ya hospitali, bwana afya, jeneza wanalolitaka wao, uhamiaji wa huku, uhamiaji wa huko, gari. Kila meza inataka hela na inataka kesho. Hela zote mlikuwa nazo ninyi." Hakulisema kwa ukali. "Tukasema tumpeleke kama anavyokwenda siku zote. Tangu nazaliwa sijawahi kuulizwa kwa nini nakwenda kwa mama."

Erica alikuwa Mnyiha wa Mbozi, kwao makaburi yako nyuma ya kahawa na hakuna serikali inayopita katikati.

"Sasa hiyo bima," Ferista akauliza, "inataka nini hasa?"

"Inataka mtu mwenye muhuri aseme amekufa."

"Basi tumtafute."

*

Walianza kwa Danieli, mwenyekiti wa mtaa, fundi baiskeli aliyekuwa akipokea watu kibandani kwake huku akiendelea na kazi. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta grisi mikononi.

"Binti yangu, mimi naandika nilichokiona. Turubai sikuliona. Kilio sikukisikia. Watu hawakukaa matanga hapa hata siku moja. Nikiandika amefia mtaani kwangu, wataniuliza kazikwa wapi, nitasema Zambia. Wataniuliza kavukaje. Nitasema nini? Kwamba alipita mbele ya askari amekaa kwenye bajaji?" Akamtazama Ferista kwa huruma ya kweli. "Na wewe dada, hilo swali la pili litakuja nyumbani kwako na pingu."

"Lije," Ferista alisema.

"Usiseme hivyo. Una watoto watatu wa kulea sasa."

Wakatoka. Njiani Recho aliuliza kama mtu wa upande wa pili mwenye muhuri angefaa, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, Erica akasema watajaribu.

Alivuka nao siku ya Jumamosi, bila sare ya kazi. Mzee wa kijiji aliwapokea kwa adabu zote, akawaita mukwai, neno lao la heshima, kila baada ya maneno mawili, akaandika barua nzuri kwa Kiingereza akapiga muhuri wa rangi ya zambarau. Aliandika ukweli aliokuwa ameambiwa: kwamba Nesta Simbeye alifariki alfajiri ya siku fulani na kuzikwa kesho yake kando ya mama yake. Erica alipoisoma ile tarehe hakushtuka. Alikuwa akiangalia muhuri.

Kaburi lilikuwa kwenye kichaka kilichofyekwa, udongo bado umevimba. Juu yake, kama desturi ya kule, walikuwa wameweka vitu alivyotumia marehemu, vimetobolewa visiibwe. Kulikuwa na sufuria dogo, na lile kopo alilopimia mchele sokoni, limepigwa msumari kitako. Erica alikuwa akilifahamu kopo lile. Mara nyingi alikuwa ameketi kwenye gunia la mama yule akisubiri mnunuzi apimiwe mchele wake ndipo naye apewe marejesho.

Wakiwa wamesimama hapo, kitu kikatetema mfukoni mwa Recho. Ilikuwa simu ya mama yake. Aliitoa, akaisoma, akampa Erica bila neno. Ndugu NESTA, marejesho yako yamechelewa. Tafadhali fika ofisini kuepuka usumbufu.

"Wanamtafuta mpaka huku," Ferista alisema.

"Ni mashine, mama. Inatuma yenyewe."

"Iambie basi."

Erica aliichukua simu akaizima. Alirudi Tunduma na barua imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sidiria, kama mama wa sokoni anavyobeba hela. Alikuwa na matumaini. Jumatatu aliituma makao makuu pamoja na maelezo yake, na wiki nzima alipokuwa kwenye vikao vya vikundi, akisimamia wanawake wasimame, wakariri kiapo cha kurejesha, waketi, wachange, akili yake ilikuwa kwenye ile barua.

*

Hezron alimwita siku ya Ijumaa, akafunga mlango. Hakuwa na kawaida ya kufunga mlango.

"Kaa. Bima wamejibu." Akageuza kompyuta imwelekee. "Barua ya mzee wako inasema mteja alikufa alfajiri. Sawa? Sasa soma hapa chini."

Erica alisoma. Ilikuwa tarehe ileile, asubuhi, watu wamekwisha kunywa chai. Mahali: kando ya mpaka. Afisa: E. Nzowa. Mteja ameonekana. Mteja ameahidi kulipa.

Akaisoma tena kutoka juu.

"Maiti aliahidi kulipa, Erica?"

"Bosi..."

"Nauliza tu. Maana bima wanauliza. Wanasema ama barua ni ya uongo, ama afisa ni mwongo. Na wao wameamua barua ndiyo ya uongo, kwa sababu afisa ni wa kampuni." Akapunguza sauti. "Na mimi nakushauri uiache hivyo hivyo."

"Alikuwa amekufa, bosi. Nilisimama pale, alikuwa amekaa katikati yao. Hakuniambia neno."

"Kwa hiyo ulijaza uongo."

"Sote tunajaza."

"Sote tunajaza," Hezron alikubali, na kwa mara ya kwanza Erica alimwona amechoka. "Mimi nilipokuwa afisa nimewapa pumzi watu ambao hata kwao sikufika, mvua inanyesha, nimejibanza kibandani. Lakini hatuandiki barua ya kusema hivyo. Taarifa ya uongo ni kufukuzwa, siku hiyohiyo, bila kiinua mgongo. Unalijua hilo. Una baba Mbozi anakula kwa mshahara huu. Nyumba ya watu itauzwa, ni mbaya, lakini hukuichukua wewe."

"Nani aliyemjazia fomu?"

"Erica."

"Nani aliyempigia kumdai jioni ile kabla hajafa?"

Hezron akawasha feni. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema mazungumzo yamekwisha.

Kwa siku mbili Erica hakula vizuri. Alimpigia baba yake, mzee Timotheo, akitaka kumweleza, akaishia kuuliza habari za kahawa. Baba akasema mwaka huu maua yametoka vizuri, ila paa la jiko linavuja, asisahau. Alipokata simu akamwendea Ferista kwenye meza yake ya dagaa.

"Sema tulikudanganya," Ferista alimwambia. "Si ndiyo kweli? Tulikudanganya. Sema yule mwanamke wa dagaa alinilaghai."

"Mlisema anaumwa, mama. Hamkusema ameahidi. Hilo nililisema mwenyewe."

Ferista akapanga mafungu yaliyokuwa yamepangika tayari. "Wakikufukuza utakula nini?"

"Sijui."

"Usifanye, basi. Tutajua la kufanya."

"Mtafanya nini, mama?"

Hapakuwa na la kufanya, na wote wawili walikuwa wakilijua hilo. Wateja wawili walipita wakauliza bei ya dagaa, wakaendelea na safari yao.

Erica aliiandika barua yake akiwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha chai, mchana kweupe. Alieleza bajaji, mguu, simu ya meneja, na alichokibonyeza. Hakumtaja Hezron kwa ubaya. Alieleza kwamba jibu lile lilikuwa lake mwenyewe na kwamba marehemu hakufungua mdomo. Mwisho aliandika: Naomba nyumba ya marehemu irudishwe kwa watoto wake. Akaisoma, akaona haina kosa, akaituma.

Majibu hayakuchelewa. Alisimamishwa, kisha akafukuzwa, kwa karatasi moja yenye nembo. Hilo alikuwa amelitarajia, akakabidhi pikipiki, kofia na simu ya kazi bila kulia. Lililomvunja lilikuwa jibu la bima, ambalo alisomewa na Hezron akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake kilikwisha kupewa mtu.

Bima walisema hivi. Afisa amekiri kutoa taarifa za uongo. Afisa amekiri kuwa alikuwapo mwili ulipovushwa mpaka kinyume cha sheria. Inaonekana afisa alishirikiana na familia. Kwa hiyo maelezo yake hayawezi kutumika kuthibitisha lolote, na dai limefungwa.

"Umesema ukweli," Hezron alisema, "na sasa wewe si mtu wa kuaminiwa. Nilikwambia uache."

"Kwa hiyo Nesta yuko hai?"

"Kwenye mtambo, yuko hai." Akakunja ile karatasi. "Amehama bila kutoa taarifa. Wiki ijayo tunapiga rangi."

*

Kupiga rangi kulikuwa kuandika kwenye ukuta wa mbele, kwa herufi nyekundu kubwa zinazosomeka tangu barabarani, kwamba nyumba hii inauzwa kwa deni. Erica aliwahi kulishika kopo la rangi ile kwenye nyumba nyingine, miaka ya nyuma. Aliijua harufu yake.

Siku hiyo alifika mapema kuwasaidia kutoa vitu. Alidhani atamkuta Recho na Ferista peke yao. Alipokata kona aliona turubai la bluu limefungwa kutoka kwenye bati hadi kwenye nguzo ya umeme. Chini yake wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamejaza uwanja mpaka njiani. Walikuwa wauza mchele, kikundi chote cha Nesta, na wauza dagaa wa Ferista, na wanawake wa kanisani na kitabu cha nyimbo. Kanga viunoni, vichwa vimefungwa. Sufuria kubwa la uji lilikuwa mekoni, na beseni la unga wa michango lilikuwa likijaa.

"Nini hiki, mama?" alimuuliza Ferista.

"Matanga," Ferista alisema. "Hatukumlilia kwake. Tulimtoa kimya kimya kama mzigo wa magendo. Leo nyumba bado ni yake, leo analiliwa ndani yake." Macho yake yalikuwa mekundu na sauti haikuwa na nguvu. "Kaa, mwanangu. Na wewe umefiwa."

Erica akakaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa kiongozi wa kikundi, ambaye kwa miaka alikuwa akimwita afisa, akamsogezea nafasi kwenye mkeka. "Karibu Erica. Leo huna daftari la kutuita majina, tutakaa tu," alisema, na wenzake wawili wakatabasamu katikati ya machozi, halafu mmoja akaanzisha wimbo na kilio kikapanda.

Danieli alikuja amevaa koti. Alisimama pembeni ya turubai akiwatazama watu wote wale, kofia mkononi.

"Sasa naona," alimwambia Ferista taratibu. "Sasa ningeweza kuandika."

"Andika, mwenyekiti."

"Nitaandika tarehe gani, dada? Ya leo?" Akatia rambirambi yake kwenye beseni, akaenda kuketi upande wa wanaume.

Recho alikuja kukaa karibu na Erica, magoti yao yakigusana. Akauliza kwa sauti ambayo haikufika kwa mwingine. "Dada, siku ile kwenye bajaji. Kweli hukujua?"

Erica alikuwa amejibu swali hili mara nyingi kichwani, kila mara kwa namna nyingine. "Niliuona mguu wake," alisema. "Nilijua kuna kitu. Halafu simu ikaita, nikashukuru kwamba imeita."

Recho akatikisa kichwa polepole, akabaki ameketi palepale, hakuondoa goti lake.

Saa za kazi zilipofika, pikipiki ilisimama njiani. Aliyeshuka alikuwa Ombeni, afisa mpya, aliyekuwa amevaa kofia ya Erica, ile yenye mkwaruzo ubavuni. Alikuwa na kopo la rangi na brashi ndani ya mfuko wa plastiki. Aliona turubai, akaona wanawake wameegemea ukuta uleule aliotumwa kuuandika, akasimama bila kujua aweke wapi miguu. Wimbo haukukatika. Hakuna aliyemfukuza. Akavua kofia. Akaenda kuketi kwenye ncha ya benchi la wanaume, kopo akalisukuma kwa kisigino chini ya benchi, na mtu mmoja akampa kikombe cha uji, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu yeyote aliyekuja msibani.

Uji ulipokwisha alimfuata Erica kwa unyenyekevu, akachuchumaa nje ya mkeka.

"Pole na msiba, dada. Samahani. Bosi amepiga simu mara ya tatu sasa. Nijaze nini?"

Akamwonyesha simu. Ilikuwa ileile aliyoikabidhi, kioo kina ufa pembeni. Ukurasa ulikuwa umefunguka na majibu yake matatu.

"Hakuna sehemu ya aliyekufa?" Ombeni aliuliza. "Nimetafuta sijaiona."

"Hakuna."

"Sasa?"

Erica aliyatazama yale maneno. Kidole chake kilijua kilikozoea kwenda, na alikikunja ndani ya kiganja. Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza ubeti mwingine, na sauti ya Ferista ilikuwa imekatika katikati, wengine wakiibeba.

"Jaza hajapatikana," alisema.

Ombeni akabonyeza. Simu ikatoa mlio mdogo wa kupokea. Akaenda kuchukua kopo lake chini ya benchi, akarudi akilifuta vumbi.

"Nitarudi kesho asubuhi, dada," alisema. "Waambie samahani. Nitasubiri mpaka muondoe turubai."